Gari Linaloelea na Mnyama Aliyeanguka Majini



Ndugu zetu wasomaji, wazazi na wanafunzi, mada ya leo huenda ikawashangaza, kwa sababu mmezoea kutusoma tukizungumzia malezi, twahara na funga. Leo tunazungumzia gari. Waliotusukuma ni wanafunzi wetu wa madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura. Waliona kwenye simu yetu picha ya kigari chenye magurudumu sita kikiwa katikati ya maji, na mdogo wetu amekaa ndani yake anacheka. Wakagawanyika. Wengine wakasema ni gari lililozama, wengine wakasema ni mtumbwi uliotiwa matairi. Kisha mmoja wao akauliza: "Ustadhi, kwa nini alinunua hicho, asinunue gari la kawaida?" Tuliwaahidi jibu, na kwa kuwa ni refu, tumeona tuliandike ili wazazi nao wafaidike.

Mdogo wetu anaishi Kanada, katika jimbo la Ontario, nje kidogo ya mji wa Sudbury, yeye na mke wake na watoto watatu. Sisi tuliokulia kando ya Tanganyika tumezoea ziwa moja kubwa: huku nchi kavu, kule maji. Kule kwao si hivyo. Nchi yote ni misitu, miamba na maziwa, na baina ya ziwa na ziwa kuna vinamasi. Mtu akitoka kwenda kuvua au kuleta kuni, huenda akavuka maji mara mbili au tatu kabla hajafika. Gari la kawaida hukwama, na mashua haiwezi kupita kwenye matope.

Kwa ajili ya nchi ya namna hiyo kuna magari yanayokwenda nchi kavu na majini. Yanayojulikana sana kule ni Argo, ambayo kampuni ya Ontario Drive & Gear, ya jimbo hilohilo, ilianza kuyatengeneza mwaka 1967. Mwili wake ni wa plastiki ngumu, umefinyangwa kama beseni kubwa. Magurudumu yake huwa 6 au 8, na yote yanavutwa na injini kwa cheni. Hayageuki kushoto na kulia kama ya gari. Dereva akitaka kukata kona, magurudumu ya upande mmoja hupunguza mwendo na ya upande wa pili huendelea, kama kifaru cha jeshi. Matairi ni manene na yana upepo mdogo sana, kwa hiyo hukanyaga tope bila kudidimia sana. Likiingia ziwani linaelea, na meno ya matairi hupiga maji kama makasia. Lakini majini halina haraka: ni kama kilomita 4 au 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Tafadhali ikumbukeni namba hii, maana kisa chetu kimesimama juu yake.

Mwaka 2022, mwezi wa Oktoba, Mwenyezi Mungu alitujaalia kwenda kumtembelea. Ulikuwa msimu wa kuwinda musi, mnyama wa jamii ya kulungu, mrefu kuliko farasi, ambaye dume lake hupita kilo 400. Anakula majani na matawi, na huchinjwa au kuwindwa akaliwa kama kulungu mwingine. Mdogo wetu alikuwa amesoma mafunzo ya uwindaji na kupata leseni. Jirani yake, mzee mmoja wa Kikanada, alikuwa na kibali cha mnyama mmoja pamoja na gari kuukuu la magurudumu manane, akatualika twende pamoja. Sisi hatukushika silaha. Tulikaa nyuma na thamosi ya chai, tumevaa fulana za rangi ya machungwa inayong'aa kama sheria yao inavyotaka ili mwindaji mwingine asikudhanie mnyama.

Siku ya pili jioni, dume la musi lilitokea ng'ambo ya ziwa dogo, limesimama ukingoni kabisa. Tulikuwa tumeteremka kwenye gari, kwani sheria ya kule hairuhusu bunduki iliyojazwa risasi kuwa garini, seuze kupiga kutoka humo. Mdogo wetu akalenga, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akafyatua. Mnyama alipigwa. Akageuka, akakimbilia majini, akaenda hatua kadhaa, akaanguka.

Tukapanda gari mbiombio na kuingia ziwani. Hapo ndipo tulipoujua mwendo wa kilomita 4. Injini inanguruma, matairi yanazunguka, na ukingo wa pili uko palepale. Upepo mdogo tu ulikuwa unatusukuma kando. Tulipofika, mnyama alikuwa amekwisha kufa, na kichwa chake kilikuwa chini ya maji.

Mdogo wetu alitutazama. Hakusema neno, lakini swali tulilielewa, na tunakiri kwamba kwa dakika moja tulitamani tusingekuwa tumesoma. Nyama ile ilikuwa ya kutosha nyumba mbili majira yote ya baridi. Lakini hadithi ya Adiy bin Hatim, waliyoipokea Bukhari na Muslim, iko wazi. Alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya uwindaji, na miongoni mwa aliyofundishwa ni kuwa mnyama aliyepigwa mshale kisha akakutwa amezama majini asiliwe, kwa kuwa hujui kilichomuua ni maji au ni mshale wako. Wanachuoni wamefafanua hali ya jeraha ambalo kwa yakini limekwisha kuua kabla ya maji. Sisi yakini hiyo hatukuwa nayo, kwani tulimwona akitembea majini. Tukamwambia, "Mdogo wetu, tuiache." Akainamisha kichwa, akasema, "Haya, kaka."

Kibali kilikuwa cha yule mzee, na nyama ikawa yake. Hakuna kilichotupwa. Tulimsaidia kuikata vipande na kuipakia. Hata hapo tulijifunza jambo: gari la magurudumu manane la aina ile, nchi kavu hubeba watu sita, lakini majini watu wanne tu, na lile la magurudumu sita hubeba wanne nchi kavu na wawili majini. Ilitubidi kuvuka mara tatu. Usiku tukarudi nyumbani na samaki wawili tuliowavua asubuhi.

Kesho yake mdogo wetu aliamka na uamuzi. Alisema tulichelewa kwa sababu gari lilikuwa bovu, na sasa yeye atanunua lake, jipya, la magurudumu manane. Gari jipya la namna ile lilikuwa linapita dola 20,000 za Kanada. Fedha hizo hakuwa nazo. Duka moja lilikuwa tayari kumpa kwa mkopo wa riba, alipe kila mwezi kwa miaka. Tukamkumbusha hukumu ya riba, naye akajibu kwamba anaijua, lakini watoto nao wanataka nyama ya halali. Tazameni, ndugu zetu, jinsi shetani anavyoweza kuichukua halali akaifanya mlango wa haramu.

Aliyemaliza mjadala ni shemeji yetu. Alileta daftari la shule la mtoto, akapiga mistari, akaanza kumuuliza mumewe: "Baba watoto, kuwinda ni siku ngapi kwa mwaka?" Wiki moja. "Kuvua?" Jumamosi nyingi, lakini ziwa wanalovua lina barabara. "Kuni?" Hapo aliandika sana, kwa sababu kuni zao ziko ng'ambo ya kinamasi, na huzibeba kuanzia Agosti hadi theluji inapoanza. "Na kuvuta mzigo kwenye theluji?" Majira yote ya baridi. Kisha akaweka kalamu chini na kusema: "Basi unanunua punda wa kuni, hununui farasi wa kuwinda. Na yule mnyama hakupotea kwa sababu ya gari. Alipotea kwa sababu mlimpiga akiwa ukingoni mwa maji."

Tulinyamaza sote wawili. Sisi ndio tuliosoma fiqhi, lakini yeye ndiye aliyefahamu. Hata gari jipya kabisa la namna ile majini hutembea vilevile, mwendo wa miguu. Kilichohitajika siku ile kilikuwa subira: kumwacha mnyama aondoke ukingoni, apigwe akiwa nchi kavu, au aachwe aende zake. Chombo hakirekebishi uamuzi mbaya uliofanywa kabla ya kukipanda.

Mwishowe alinunua gari lililotumika, la magurudumu sita, kwa fedha taslimu, yeye na ndugu wawili wa msikitini kwake. Mapatano yao waliyaandika na kuyashuhudisha: nani atalitumia lini, nani atalipia matengenezo, na mmoja akitaka kujitoa itakuwaje. Hilo ndilo gari mnaloliona kwenye picha.

Kwa wale wenye jamaa katika nchi za namna ile, au watakaohamia huko, tunafupisha tuliyoyaona:

Kwanza, hesabu kazi zako za mwaka mzima kabla ya kuangalia bei. Kama maji yako yana barabara, pikipiki ya magurudumu manne na mashua ndogo huenda vikakutosha, na ni vyepesi zaidi.

Pili, tazama uzito unaoruhusiwa majini, usitazame ule wa nchi kavu. Tofauti yake ni kubwa.

Tatu, gari lililotumika likague kwa chini. Tafuta nyufa katika plastiki, angalia cheni na beringi, washa pampu ya kutoa maji, na hakikisha kizibo cha chini kipo na kimekazwa.

Nne, usiliingize kwenye mto wenye mkondo wala ziwa kubwa lenye mawimbi. Na kila aliyemo avae jaketi la uokozi, mtoto na mtu mzima. Kulinda nafsi ni wajibu.

Tano, kisichopatikana ila kwa riba, kiache. Subiri, au shirikiana na wenzako.

Oktoba iliyofuata, mdogo wetu alitupigia simu usiku. Walimwona musi mara mbili akiwa majini, na mara zote mbili bunduki hakuinyanyua. Mara ya tatu alikuwa kwenye mwamba mkavu, mbali na maji. Nyuma ya sauti yake tulimsikia shemeji akigombana na sufuria, na watoto wakiuliza kama nyama imeiva.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali, atukinaishe nacho, na atupe subira ya kukiacha kile chenye shaka hata kikiwa mbele ya macho yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.