Kupunguza foleni ya ujenzi wa programu: yaliyotusaidia hapa Isiolo

Watu wakisikia kwamba naandika programu nikiwa Isiolo, swali la kwanza huwa ni umeme na la pili ni intaneti. Ni kweli umeme hukatika na intaneti husuasua, lakini kilichotutesa zaidi wala si hivyo viwili. Ni foleni. Sizungumzii foleni ya magari kama ile ya Thika Road, nazungumzia foleni ya kazi zinazosubiri seva moja izijenge.

Nieleze kidogo kwa wale ambao si watu wa fani hii. Timu yetu ina watu sita: wawili tuko Isiolo, mmoja Marsabit, watatu Nairobi. Kila mtu akimaliza kipande chake hukituma kwenye ghala moja la msimbo. Hapo seva huuchukua msimbo wote, huujenga upya uwe programu kamili, huufanyia majaribio, kisha hutoa jibu, kijani au nyekundu. Huu ndio uunganishaji wa mfululizo. Si jambo jipya. CruiseControl ilitoka mwaka 2001, na Kohsuke Kawaguchi alianza Hudson mwaka 2004 alipokuwa Sun Microsystems, nayo ikaja kuitwa Jenkins mwaka 2011. Siku hizi wengi wako GitHub Actions au GitLab. Lengo halijabadilika: kosa lionekane leo wakati aliyeliandika bado anakumbuka alichokuwa akifikiria.

Kuhusu istilahi mnivumilie. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupa Jambo OpenOffice mwaka 2004 na maneno mengi mazuri, lakini upande huu wa karakana tumeachiwa kila mtu ajitafutie. Mimi nasema "kazi" kwa kila ujenzi mmoja unaoingia kwenye foleni. Mwenye neno bora anipe.

Sasa, foleni ina ubaya gani? Kunywa chai ukisubiri si dhambi. Ubaya wake niuseme kwa mfano. Programu yetu ni ya simu, inatumiwa na wahudumu wanaochanja mbuzi na kondoo dhidi ya sotoka yao, ule ugonjwa ulioingia Kenya kupitia Turkana mwaka 2006. Kila kituo cha chanjo hurekodi idadi ya mifugo, na hesabu hizo ndizo zinazoamua dozi ngapi ziletwe awamu inayofuata. Usiku mmoja kabla ya safari ya kwenda upande wa Merti, iligunduliwa kwamba kituo kikizidi mifugo 999, programu ilihifadhi tarakimu tatu za kwanza tu. Mifugo 1,240 waliingia kama 124. Marekebisho yalikuwa mistari mitatu. Saa nane usiku nikayatuma, nikaangalia foleni, nikakuta kazi 11 mbele yangu. Seva yetu ilikuwa inajenga moja baada ya nyingine, kila moja dakika 24. Piga hesabu: zamu yangu ingefika saa kumi na mbili na dakika 24 asubuhi.

Daktari wa mifugo alikuwa macho, anapanga chanjo kwenye masanduku ya barafu. Nikampigia.

"Ndugu yangu, sisi tunang'oa saa kumi na moja kamili," akaniambia. "Simu ziko tisa hapa mezani, zote zina chaji. Hiyo kitu imefika?"

"Bado, daktari. Usizizime."

Ukishaiacha lami huko, mtandao unakuja na kwenda, na zaidi ni kwenda. Simu zisiposasishwa mjini, zingefanya kazi siku tano na hitilafu ileile. Nilizifuta kazi zote 11 kwa mkono, yangu ikapita, na kabla ya saa tisa simu zote tisa zilikuwa na toleo jipya. Lakini kufutafuta kazi za wenzako usiku wa manane si utaratibu, ni uvamizi. Asubuhi nikakaa kuangalia zile kazi 11 zilikuwa zinafanya nini hasa.

Nane zilikuwa za roboti. Tunatumia ile ya kusasisha maktaba, na ratiba yake ilikuwa usiku: kila maktaba yenye toleo jipya inafunguliwa tawi lake na kujengewa programu nzima. Tatu zilizobaki zilitoka kwa mwenzetu wa Nairobi aliyekuwa anarekebisha tahajia kwenye mwongozo wa mtumiaji. Alituma mara tatu, na mara tatu seva ikajenga programu nzima kwa sababu ya neno "kondoo" kuandikwa vibaya. Kwa hiyo katika kazi 11 hakuna hata moja iliyokuwa na haraka, na mbili kati yake jibu lake halikuwa na faida kwa mtu yeyote, kwa kuwa aliyezituma alikwishatuma nyingine juu yake.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kununua mashine ya pili. Kabla ya kutoa pesa, hebu tumrudie Mdenmarki mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyechapisha hesabu zake za msongamano wa simu mwaka 1909. Tuseme kazi moja huchukua dakika 20 kwa wastani, zinaingia bila mpangilio, na mashine ni moja. Mashine ikishughulika nusu ya muda wake, kazi mpya husubiri dakika 20 kwa wastani. Ikishughulika asilimia 80 ya muda, kusubiri kunakuwa dakika 80. Asilimia 90, dakika 180. Asilimia 95, dakika 380, zaidi ya saa sita! Mashine ile ile, kazi za aina ile ile. Ndiyo maana foleni huonekana kama imezuka ghafla: jana mambo shwari, leo ameongezwa mtu mmoja kwenye timu na kila kitu kimesimama.

Habari njema ni kwamba hesabu hiyo hiyo hurudi nyuma kwa kasi ile ile. Ukiwa kwenye asilimia 90 na ukapunguza kazi ya dakika 20 ikawa ya dakika 10, mashine itashughulika asilimia 45 tu, na kusubiri kutashuka kutoka dakika 180 hadi kama 8. Niwe mkweli, mashine ya pili nayo ingeua foleni, tena vizuri zaidi, kusubiri kungekuwa kama dakika 5. Lakini kazi yenyewe ingebaki dakika 20, na bili ingekuja kila mwezi. Kwa timu ya watu sita wanaolipwa mradi kwa mradi, bili ya kila mwezi si jambo la kuchezea.

Basi tukaanza na yasiyo na gharama. La kwanza ni seva kuacha kujenga kilichopitwa: ukituma badiliko jipya kwenye tawi lile lile, kazi ya zamani inafutwa yenyewe. Kwenye GitHub Actions ni mistari mitatu ya mpangilio. Hatukuliwasha kwenye tawi kuu, kwa sababu huko nataka kila badiliko liwe na jibu lake.

La pili, mabadiliko ya mwongozo na picha hayajengi programu tena. Hapa pana mtego, usije ukaingia. Ukizuia mtiririko mzima kwa kuangalia njia za faili, na wakati huo huo umeagiza kwamba jibu lake ni la lazima kabla ya kuunganisha, GitHub itasubiri jibu ambalo halitakuja kamwe. Sisi tunauacha mtiririko uanze, kisha hatua ya kwanza inaangalia faili zilizoguswa na kuruka zilizobaki. Inachukua sekunde chache tu.

La tatu ndilo lililotupa ushindi mkubwa: akiba ya maktaba. Kila kazi ilikuwa inapakua maktaba zote za Gradle upya, kana kwamba seva imezaliwa leo. Sasa zinahifadhiwa, na ufunguo wa akiba unatokana na faili la matoleo, hivyo maktaba ikibadilika akiba nayo inabadilika. Tukapanga pia majaribio mepesi yatangulie, mazito yanayohitaji simu ya kuigiza yaje mwisho. Kosa dogo sasa linaonekana dakika ya tatu badala ya dakika ya 22. Kazi nzima imeshuka kutoka dakika 24 hadi 11. Kent Beck na wenzake wa Extreme Programming walisema ujenzi usizidi dakika kumi. Tumeikaribia.

Na roboti? Tuliihamishia Jumapili, na tukaiambia ikusanye matoleo madogo yote kwenye badiliko moja. Kukusanya nako kuna bei yake. Wenyeji wa huku wanakumbuka, kabla ya lami kukamilika hadi Moyale katikati ya miaka ya 2010, magari yalivyokuwa yakikusanyika kwenye kizuizi cha Isiolo kusubiri askari wa kuyasindikiza. Msafara ni nafuu kuliko kulinda kila lori peke yake, lakini lori moja likipasuka gurudumu wote mnasimama. Badiliko la roboti lenye maktaba kumi likiwa jekundu, itabidi uligawe nusu kwa nusu hadi umpate mkosaji. Kwa maktaba nakubali, kwa kuwa hakuna anayezisubiri. Kwa kazi za watu sikubali, mpaka timu iwe kubwa kuliko yetu.

Miradi mikubwa ina njia nyingine. OpenMRS, ile programu huria ya rekodi za wagonjwa iliyoanza mwaka 2004 na ambayo Eldoret ni moja ya vitanda vyake vya kwanza, imegawanywa katika moduli nyingi, kila moja na ghala lake. Ukigusa moduli moja hujengi dunia nzima. Sisi bado ni wadogo mno kujigawa hivyo, nadhani tungepoteza muda mwingi kwenye kuunganisha kuliko tunaookoa.

Lililobaki lilikuwa njia ya dharura, kwa maana hata foleni fupi ni ndefu kwa mtu ambaye gari linamsubiri. Jenkins ina programu-jalizi ya kupanga vipaumbele, lakini kwenye GitHub Actions sikuona namna ya kumwambia mtu apishe. Tukachukua kompyuta ya mezani iliyokuwa imelala ofisini, tukaiwekea Linux na betri ya akiba, tukaisajili iwe mashine yetu wenyewe, inayopokea matoleo ya dharura peke yake. Yenyewe ndiyo inayopiga hodi kwa GitHub kuuliza kazi, kwa hiyo haihitaji anwani ya kudumu ya intaneti. Onyo moja tu: usifanye hivi kwenye ghala lililo wazi kwa umma. Mgeni yeyote anaweza kutuma badiliko lenye hila, na mashine yako ikaliendesha ukiwa umelala.

Kompyuta hiyo mara nyingi inakaa bure. Mwenzangu hulalamika kwamba tunapoteza umeme. Mimi namwonyesha jedwali la Erlang, naye ananionyesha tokeni za stima, na mjadala haujaisha.

Kinachonisumbua sasa ni majaribio kigeugeu, yale yanayofeli leo na kupita kesho bila mtu kugusa kitu. Mtu akiona nyekundu anabonyeza rudia, na kila rudia ni kazi nyingine kwenye foleni. Nimeanza kuyaandika kwenye daftari kila yanapotokea. Hadi jana nilikuwa nayo manne, na matatu kati yake yanahusu saa ya simu kuvuka usiku wa manane. Hayo ndiyo nitaanza nayo Jumatatu.