Kutoka Nanganga Hadi Nachingwea

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi hufika Nanganga, na hapo ndipo ijitengapo njia ya Ruangwa, mwendo wa kilometa zipatazo 53, kisha Nachingwea. Nasi tuliteremka hapo alfajiri ya Ijumaa moja ya mwezi wa Novemba, tukapata gari. Tulipoipita Ruangwa likajaa wakulima waendao mjini kuchukua fedha zao za korosho.

Nachingwea haikujengwa kwa ajili yao. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha kilimo kikubwa cha karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na hapa. Yakaletwa matrekta, na mwaka 1949 reli ikafika. Karanga hazikukubali. Mwaka 1951 shughuli hiyo ilivunjwa, nayo ilikwisha kula pauni zaidi ya milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Yakabaki mashamba yenye namba, na mwenyeji na jembe lake.

Leo mji huu huishi kwa jembe hilo. Mkulima hupima korosho zake katika chama cha msingi kijijini, zikapelekwa ghala kuu, zikauzwa mnadani, na malipo yakaingia benki. Kwa hiyo mjini ndiko aliko mwenye benki, mwenye mabati, daktari, fundi wa baiskeli. Na Ijumaa hiyo msikiti ulijaa hata watu wakatandika mikeka nje.

Kijana aliyeketi karibu nasi garini hakuwa na furaha ya wenziwe. Tulidhani anaumwa. Mwezi wa Agosti mama yake alilazwa, naye hakuwa na senti. Akamwendea mtu wa kangomba. Ndugu wasomaji walio mbali na Kusini huenda hawalijui neno hili. Kangomba ni kununua korosho zingali mtini, kwa bei ya chini, na kwa kipimo ambacho mara nyingi huzidi kilo. Serikali huipiga marufuku, lakini marufuku haimtibu mgonjwa. Sisi twaona lawama zote zimemwangukia muuzaji, hali jirani mwenye akiba alikuwapo na hakuulizwa, au aliulizwa akanyamaza.

"Mama amepona?" tulimwuliza.

"Amepona, alhamdulillahi. Ila magunia manane si yangu tena. Yamebaki matatu."

Fedha za hayo matatu ndizo alizozifuata. Baada ya sala tulimkuta tena, amekaa barazani mwa duka pamoja na mzee wa kijijini kwao, wakihesabu. Mzee alikuwa akimwambia kwamba mwakani, mambo yakimfika, aje kwake kwanza. Hana nyingi, lakini hatataka korosho. Kijana akaziweka noti mfukoni, akaingia dukani kutazama bei ya salfa ya kupulizia mikorosho.