Kompyuta ya Geimu kwa Milioni Moja na Nusu: Tulivyochagua Kifaa Kimoja Kimoja



Tunajua wapo watakaosoma kichwa hiki wakajiuliza, geimu na sisi wanawake wapi na wapi? Ndani ya nyumba zetu yupo kijana wa kiume, au yupo mume, anayezipenda, na pesa zake zinatoka kwenye mfuko ule ule unaonunua mchele na kulipa umeme. Bora mazungumzo hayo myafanye mapema, karatasi na kalamu mkononi, kuliko kuyafanya kwa ugomvi mzigo ukishashushwa mlangoni.

Kwetu sisi jambo lilianza kwa mtoto wetu mkubwa, aliyeko kidato cha pili. Kila baada ya Alasiri alikuwa akienda kibanda cha geimu, analipa kwa saa, na Magharibi inamkuta huko huko. Chuoni akaanza kukosekana. Baadhi ya wenzake wa kibandani walikuwa watu wazima, na maneno yao si ya kusikilizwa na mtoto. Tulimkataza, akawa anakwenda kwa kujificha. Mtoto akishazoea kukuficha jambo moja, la pili halimpi tabu. Hapo tukakaa wazazi wawili tukaamua: geimu zije nyumbani, tuzione. Bibi yake alisema tunamdekeza. Mmoja wetu alikuwa karibu kumuunga mkono bibi.

Kilichotupatanisha ni kwamba tulichagua kompyuta, hatukuchagua mashine ya geimu peke yake. Kompyuta inafanya kazi za skuli, na inafungua michoro ya nakshi tunayodarizi kwenye nguo za maharusi. Ipo programu ya bure inayoitwa Ink/Stitch, inafanya kazi ndani ya Inkscape ambayo nayo ni ya bure, na kwa hiyo unaweza kuchora ua kisha ukalitoa kama faili la mashine ya kudarizi. Kwa hivyo kifaa kimoja kingekuwa na watu wawili wa kukitumia.

Pesa zilikuwa shilingi 1,500,000, zamu yetu ya upatu pamoja na faida ya nguo za msimu wa harusi. Tulishauriwa tukope ili tununue kubwa zaidi. Mkopo wa riba haukuingia kwenye hesabu yetu. Surat Al-Furqan, aya ya 67, inawasifu waja wa Mwenyezi Mungu ambao wakitoa hawafanyi israfu wala hawabanii, wanakaa kati na kati. Hiyo kati na kati ndiyo tuliyoitafuta.

Kipimo kabla ya kitambaa

Fundi hakati nguo kabla ya kumpima mtu. Nasi kabla ya kuuliza bei tulimuuliza kijana: unacheza geimu gani hasa? Akataja eFootball, Fortnite, Valorant na Minecraft. Tatu za mwanzo hupakuliwa bila ya malipo, na zote nne zinakubali kompyuta ya wastani ukipunguza ubora wa picha. Angetaja geimu nzito zinazotoka miaka hii, hesabu ingekuwa nyengine kabisa. Swali hili moja ndilo lililotuokolea pesa nyingi kuliko swali lolote tulilomuuliza muuzaji.

Muuzaji wa kwanza alituonesha kasha la kioo linalowaka taa za rangi saba, akatuambia ndani mna "i7". Tukauliza, i7 ya kizazi cha ngapi? Akasema i7 ni i7. Dada zetu, si kweli. Prosesa za Intel zina vizazi, na i7 ya kizazi cha nne ni ya mwaka 2013 na 2014. i3 ya miaka ya karibuni inaweza kuishinda kwenye geimu. Tena Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Tulishukuru, tukaondoka.

Tulichonunua

*Prosesa, 380,000.* Tulichukua AMD Ryzen 5 5600G. Ina koa sita, na ile herufi G mwishoni maana yake ina sehemu ya picha ndani yake, kwa hivyo inacheza geimu bila ya kununua kadi ya grafiki. Hapa ndipo bajeti yetu iliposimama. Kadi ndiyo kifaa ghali kuliko vyote kwenye kompyuta nyingi za geimu, na sisi tuliiacha kwa baadaye.

*Mazabodi, 270,000.* Huu ndio ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote. Prosesa na mazabodi ni kama kifungo na tundu lake, visipolingana havifungiki. Prosesa yetu inakaa kwenye soketi ya AM4, kwa hiyo tulitafuta mazabodi ya AM4 yenye chipu ya B550. RAM yake ni DDR4. Ukinunua DDR5 kwa kuona ni mpya zaidi, haitaingia.

*RAM, GB 16, 180,000.* Tulinunua vipande viwili vya GB 8, hatukununua kimoja cha GB 16. Prosesa yenye picha ndani yake inaazima RAM kwa ajili ya kuchora picha, na vipande viwili vinafanya kazi sambamba kama njia mbili za gari. Ukiweka kimoja tu, geimu inakwama kwama. Jumla ya GB ni ile ile, lakini tofauti unaiona kwa macho.

*SSD, GB 500, 130,000.* Kompyuta inawaka haraka na geimu hazichelewi kufunguka. Diski za zamani zinazozunguka ni rahisi, lakini ni pole pole mno.

*Pawa saplai, wati 550, 170,000.* Hii ndiyo iliyotuletea mjadala mrefu. Mmoja wetu aliona ni pesa nyingi kwa kisanduku kisichoonekana, na dukani vipo vya 40,000. Mwengine akakumbusha bitana. Biharusi haoni bitana ya gauni lake, lakini ikiwa mbovu gauni zima linakaa vibaya. Pawa saplai ndiyo inayolisha kila kifaa, na mbovu ikiungua huweza kuondoka na wenzake. Sisi wa Unguja umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na waliokuwepo hapa kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hawajasahau ile miezi mitatu ya kiza. Umeme wa siku hizi ni afadhali mno, lakini bado unakatika na kurudi kwa kishindo. Tulichukua yenye alama ya 80 Plus Bronze, tukanunua na kizuizi cha umeme kwa 50,000.

*Kasha, 130,000.* Halina kioo wala taa. Mbele lina wavu ili upepo uingie, kwa sababu joto na unyevu wa kwetu mnaujua. Kila mwezi tunalifuta vumbi kwa brashi laini, kama tunavyosafisha cherehani.

*Skrini iliyotumika, 150,000, na kibodi na mausi, 40,000.* Skrini tuliiwasha dukani kwanza, tukaweka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, kutafuta madoa.

Jumlisheni, ni 1,500,000 kamili. Hizo ndizo bei tulizozikuta sisi. Bei za vifaa hivi hupanda na kushuka, hasa RAM, kwa hivyo ulizeni upya siku yenu ya kununua.

Kwa mwenye pesa pungufu ipo njia nyengine. Nunua kompyuta ya ofisi iliyotumika, ya kizazi cha nane kwenda juu, kisha uitilie kadi ndogo kama GTX 1650. Kadi hiyo inatumia wati 75 tu, na nyingi za aina hiyo hazihitaji waya wa ziada. Lakini pima kasha kwanza. Makasha membamba ya ofisi yanapokea kadi fupi peke yake, na pawa saplai zake mara nyingi zina umbo lake maalumu, huwezi kubadilisha kwa yoyote unayoikuta dukani.

Masharti ya nyumba

Kompyuta iko sebuleni, skrini inaelekea mlangoni. Adhana ikiadhiniwa, inazimwa. Siku za skuli ni saa moja baada ya kurudi chuoni, na baada ya Isha ni zamu ya michoro ya nakshi.

Sharti jengine linahusu pesa. Geimu nyingi za bure zinauza masanduku ya bahati: unalipa bila ya kujua utapata nini. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji iliyahesabu masanduku ya namna hiyo kuwa ni kamari. Sisi hatukuhitaji kusubiri Ubelgiji. Namba ya simu yenye pesa haiunganishwi na geimu yoyote. Na geimu za wizi hazipakuliwi, kwa sababu ni haki ya mtu, na mara nyingi huja na virusi.

Je, imefaa? Kibandani haendi tena, na chuoni ustadhi wake hajatuita tangu tuiwashe. Kuzima bado anazima kwa kununa. Siku nyengine anaomba dakika tano, na dakika tano za geimu ni ndefu kuliko zote duniani. Lakini sasa tunajua anacheza na nani, na tukimwita anaitika akiwa ndani ya nyumba. Tena ameahidi kuchanga mwenyewe pesa za kadi ya grafiki, kwa kutusaidia michoro wakati wa msimu. Ametajia RX 6600. Tulipoangalia tukaona wati 550 zinaitosha, ndiyo maana hatukubana kwenye pawa saplai.

Kwa maharusi

Mume wako akikwambia anataka kompyuta ya geimu, usianze na hapana wala usianze na sawa. Muulize anacheza nini, na nani, na saa ngapi. Kisha mwandike pamoja kiasi ambacho kikitoka, hakuna haki ya mtu iliyoguswa: si chakula, si deni, si mahari kama kuna iliyobaki. Ndani ya kiasi hicho mwache achague kwa raha yake, na wewe kaa karibu uvielewe vifaa, kwa sababu ni mali ya nyumba yenu. Mwanamme akiona mkewe anajua kwa nini RAM ziwe mbili, hamfichi bei.

Na kama anayezipenda geimu ni wewe, basi haya yote ni yako pia. Furaha ya halali haina aibu, ikiwa swala iko mahala pake na hakuna aliyedhulumiwa.

Allah atutilie baraka kwenye kidogo chetu, na atuhifadhie vijana wetu. Amin.