MOTO UNA MAHALI PAKE



Julai hii baridi ya Limuru na Kinangop haina mchezo. Jioni mnawasha kuni uani, mnaota moto, mnaomba pamoja. Ni vizuri. Lakini saa ya kulala ikifika, mtu wa Mungu, usichote yale makaa na jiko ukayaingiza chumbani. Makaa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Mtu hulala akiota joto, asiamke.

Soma Kutoka 40 na Walawi 6. Madhabahu ya sadaka za kuteketezwa, penye moto wa kuni, ilisimama nje ya mlango wa hema. Hata majivu yake kuhani aliyapeleka nje ya kambi. Kama moto wa madhabahuni ulipangiwa mahali, je, wa kwako?

Basi washa mbali na ukuta wa mbao na nguo zilizoanikwa. Usimwagie petroli. Usiwaache watoto peke yao hapo. Kabla ya kulala mwagia maji, koroga majivu, mwagia tena mpaka yapoe kabisa. Kisha ingia ndani, ongeza blanketi.

Jumapili nataka niwaone nyote ibadani. Nani anasema Amina?