Mlima wa Mzee Hupimwa kwa Kushuka

Ndugu msomaji, wazee wetu wanapoomba kitu, aghalabu huomba vitu vidogo: tumbaku, dawa ya magoti, nauli ya kwenda msibani. Ni nadra mzee kuomba mlima. Lakini ombi la namna hiyo likitokea nyumbani kwako, kama lilivyotokea kwetu, utagundua kwamba hakuna aliyekufundisha namna ya kulijibu. Jibu linalokuja upesi mdomoni ni "Pumzika, mama." Ni jibu la adabu, lakini maana yake ni kwamba dunia ya mzee imekwisha penye kizingiti cha mlango wake.

Aliyeomba ni mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa kijiji kimoja mkoani Shinyanga. Alisema kuwa anataka kupanda mlima mara moja, kwa siku moja, aende na kurudi kwa miguu yake mwenyewe kabla magoti hayajamkatalia. Mlima gani, hakusema. Hapo ndipo ukoo ulipogawanyika makundi matatu, na mimi nikapewa kazi ya kupima hoja za kila kundi. Nimeona niyaandike niliyojifunza, kwani yamkini nawe unaye mzee ambaye bado anatazama juu.

MLIMA MKUBWA

Kundi la kwanza liliongozwa na kaka yangu aishiye Dar es Salaam. Yeye alitaka Kilimanjaro. Hoja yake haikuwa ya kitoto. Mwaka 2019, Mmarekani mmoja, Anne Lorimor, alifika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, akiwa na umri wa miaka 89. Kaka hakutaka mama afike huko. Alitaka aende tu hadi kituo cha Mandara na kurudi siku hiyo hiyo, safari ambayo watu wengi huifanya kutoka lango la Marangu. Njia ni nzuri, msitu ni wa kupendeza, na mama angepata picha ya kutundika ukutani.

Nilichukua kalamu. Mwaka 1892 mpanda milima mmoja wa Uskoti, William Naismith, aliweka kanuni ambayo hadi leo hutumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za mwendo, kisha ongeza nusu saa kwa kila mita 300 za kupanda. Kutoka Marangu hadi Mandara ni takribani kilomita 8, na mpando ni kiasi cha mita 850. Kwa kanuni hiyo, kijana mkakamavu atatumia saa 3 kupanda. Kwa mzee mimi huongeza nusu ya muda wote, nikapata saa 4 na nusu. Hapo hatujahesabu kushuka, wala safari ya basi kutoka Shinyanga hadi Moshi.

Na kushuka ndiko kwenyewe. Sisi vijana hudhani kwamba mlima hukushinda wakati wa kupanda. Kumbe kupanda huchosha pumzi, na pumzi ukiketi hurudi. Kushuka huchosha goti, na goti haliombeki. Kila hatua ya kushuka, misuli ya paja hufanya kazi ya breki huku goti likibeba mzigo uzidio uzito wa mwili. Mtu aliyefika juu akicheka anaweza kushindwa nusu ya njia ya kurudi, na mlimani hakuna bodaboda. Wahenga waliposema kwamba mpanda ngazi hushuka, walitupa pia kipimo cha safari ya mzee.

Hatukumkataza mama Kilimanjaro kwa sababu ya uzee wake. Tuliiacha kwa sababu ingemdai siku mbili za basi na saa zisizopungua 7 za miguu, ilhali yeye aliomba siku moja.

MASHIMO

Kundi la pili lilikuwa la mjomba, ambaye ujana wake wote aliumaliza katika machimbo madogo ya dhahabu. Yeye alisema, "Twende Geita." Ni kweli kwamba milima ya Geita, yenye miti na hewa ya ziwa, inapendeza kuliko tambarare zetu. Ni kweli pia kwamba safari imekuwa nyepesi kwa apitiaye Mwanza, tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lifunguliwe mwezi Juni 2025. Zamani msafiri aliweza kushinda kivukoni akisubiri zamu yake ya pantoni.

Lakini, ndugu msomaji, mlima wenye dhahabu si mlima wa matembezi. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa leo ulianza kuzalisha mwaka 2000, nao huchimba kwa mashimo ya wazi. Nyankanga, Lone Cone na Kukuluma ni majina ambayo leo yakitajwa, mtu hufikiria machimbo kabla ya kufikiria vilima. Eneo la leseni lina mipaka yake na walinzi wake, wala haliingiwi kwa sababu ya kupenda mandhari.

Nje ya mipaka hiyo iko hatari nyingine, ambayo mjomba mwenyewe aliikiri nilipombana kwa maswali. Wachimbaji wadogo huchimba maduara, na duara likiisha dhahabu huachwa. Mvua moja ikinyesha, nyasi huota pembezoni. Matimba yaliyoshikilia kuta huoza. Mwaka wa pili shimo halionekani tena mpaka uwe juu yake. Kijana huweza kuruka. Mzee atazamaye hatua tatu mbele, tena mwenye mtoto wa jicho, hawezi. Juu ya hayo, katika ukanda wa dhahabu mtu mgeni anayeinama kutazama jiwe haaminiki kwamba anatazama jiwe tu. Kabla hujafika kileleni, nusu ya kijiji kitakuwa kimekufuata kuuliza mwamba umeelekea wapi.

HOFU YA SHANGAZI

Kundi la tatu lilikuwa la shangazi peke yake, nalo lilinitia simanzi kuliko yote. Alisema mama asipande popote. Nilipomwuliza sababu, aliinamisha sauti: "Kikongwe akionekana juu ya majabali alfajiri, watu watasema nini?"

Msomaji wa mikoa mingine huenda asielewe uzito wa swali hilo. Katika nchi ya Wasukuma, kwa miongo mingi, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na baadhi yao kosa lao lilikuwa macho mekundu. Macho hayo hayakuletwa na uchawi. Yaliletwa na moshi wa miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha, mahali ambapo kuni zimekuwa adimu na kinyesi cha ng'ombe hutumika badala yake. Shangazi anawajua kwa majina waliokufa hivyo. Hofu yake haikuwa upuuzi, na sikuthubutu kuicheka.

Hata hivyo nilimwambia kwamba kumficha mzee ndani hakuondoi uvumi. Mtu asiyeonekana ndiye husemwa zaidi. Tukakubaliana hivi: mama hatapanda peke yake wala kimya kimya. Siku moja kabla, tulikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji tukamweleza tunapanda wapi, saa ngapi, na kina nani. Tukawachukua wajukuu wanne na jirani wawili. Asubuhi ile tulipita katikati ya kijiji tukisalimia kila mlango, "Mwangaluka, mwangaluka," hata waliokuwa wamelala wakaamka. Kilichokuwa tishio kikageuka kuwa maandamano madogo ya furaha, na shangazi, ambaye hakuwa amealikwa, alikuja nyuma yetu amebeba maji.

KILIMA CHA NYUMBANI

Kwani mwisho wa mabishano mama mwenyewe ndiye aliyechagua, baada ya sisi sote kukumbuka kwamba hatukuwa tumemwuliza. Alichagua kilima cha mawe kilicho nyuma ya kijiji. Sikitaji jina, kwa maana karibu kila kijiji cha Shinyanga kina cha kwake: majabali ya itale yaliyorundikana kana kwamba jitu liliyamwaga kutoka kikapuni, pimbi wakiota jua juu yake. Mpando wake haufiki mita 150, na njia yote ni kilomita 3. Kwa kanuni ya Naismith ni dakika 51. Kwa kipimo changu cha wazee, saa moja na robo.

Tulichagua mwezi Juni, masika yakiwa yamekwisha na joto kali la Septemba na Oktoba halijafika. Tuliondoka saa 12 asubuhi ili saa 4 jua lisitukute juani, kwani jabali tupu huwaka kama kikaango. Mganga wa zahanati alikuwa amempima mama shinikizo la damu, akatuonya kwamba mzee hachelewi kukaukiwa maji huku hasikii kiu, hasa anayetumia dawa za kuongeza mkojo. Basi tulimnywesha kwa saa, si kwa kiu. Tulibeba matobolwa na karanga. Manukato tuliyakataza na moto hatukuwasha, kwa sababu nyuki hupenda nyufa za mawe. Alivaa raba zenye meno. Mkongojo aliukataa katakata, akisema kuwa ni wa wazee. Tulipompa fimbo ya wachungaji, aliipokea kwa mikono miwili. Almuradi mkono ulishika mti.

Tulipumzika penye kivuli kila mara alipotaka yeye. Tulikuwa tumekubaliana mahali patatu ambapo tungeweza kugeuka bila mtu kuona aibu. Hakugeuka hata pamoja. Saa 1 na nusu alikuwa juu, ameketi juu ya jabali, akifundisha.

Nasema akifundisha, kwa sababu aliwaonyesha wajukuu nchi yote kama ubao. Chini ya kilima, udongo wa kichanga uitwao luseni, wa viazi vitamu na karanga. Mbali zaidi, mbuga nyeusi yenye majaruba ya mpunga, na pamba ikingoja kuchumwa. Kisha akanyosha fimbo kuelekea upande wenye migunga mingi, akasema, "Pale, nilipokuwa msichana, hapakuwa na mti wa kufungia mbuzi."

Ilikuwa kweli. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa miaka mingi, kwanza kuangamiza mbung'o, kisha kwa mashamba na malisho ya mifugo. Mwalimu Nyerere alipoitembelea mwaka 1984 alishtushwa na ukame wake, na mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mradi huo uliirudishia heshima desturi ya kale ya ngitili: malisho yanayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi, na miti ipate kuota yenyewe. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi katika mkoa wa Shinyanga kama ulivyokuwa kabla ya kugawanywa mwaka 2012, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mama alikuwa mmoja wa walimu waliopanda miche na watoto wa shule. Hakuwahi kuiona kazi hiyo kutoka juu.

Nadhani hapo ndipo penye jambo lenyewe. Sisi tulikuwa tukimtafutia mandhari mazuri kwa macho yetu: theluji, msitu wa mvua, ziwa. Mandhari ya mzee ni yale anayoweza kuyasoma. Kule Mandara mama angekuwa mgeni anayeongozwa; hapa yeye ndiye aliyekuwa kiongozi, na sisi wageni.

Tulishuka polepole, kwa mshazari, mjukuu mmoja akitangulia hatua mbili mbele yake ili awe ukuta. Kushuka kulichukua muda mrefu kuliko kupanda, kama tulivyokuwa tumepanga. Jioni magoti yaliuma, yakapakwa dawa, na kesho yake alikwenda shambani.

Basi, ndugu msomaji, mzee wako akiomba mlima, usianze na urefu wake. Anza kwa kumwuliza anataka kuona nini. Kisha kaague njia wewe mwenyewe: panashukikaje, kivuli kiko wapi, mashimo yako wapi, mtu anaweza kugeukia wapi, nani ajulishwe. Yote hayo yakijibiwa, shika fimbo umpe mkononi, nawe ukae nyuma. Shime, tusiwazeeshe wazee wetu kabla ya siku zao.