Tulivyobebeshwa Viatu Busia



Waliouliza juma lililopita tulikuwa wapi, jawabu ni kuwa tulikuwa Nangina, katika nchi ya Wasamia, kaunti ya Busia, tulikokwenda kumzuru binti yetu anayesomesha huko. Kutoka Mombasa ni safari ya mchana na usiku kwa basi, na njia nzima tulifuatana na malori yaliyopakia makasha Kilindini, kana kwamba bandari yenyewe imeamua kuhamia Uganda. Tulishuka Busia alfajiri, tukasali, kisha matatu ikatufikisha Nangina, karibu na vilima vya Samia ambavyo zamani vilikuwa mashuhuri kwa chuma na wahunzi wake.

Hatukwenda kutembea tu. Baina yetu na binti huyu palikuwa na jambo.

Miaka saba nyuma, tukisomesha darsa ya akina mama, tuliulizwa kuhusu viatu vya visigino virefu, hivi viitwavyo michuchumio. Tukajibu kwa ukali na kwa mzaha, na mzaha wa mwenye kushika kitabu huuma kuliko wa mtu mwingine. Tuliyoyasema juu ya wanawake wavaao viatu hivyo hatutayarudia hapa. Watu wakacheka. Binti yetu alikuwa safu ya pili, ametoka kazini, na viatu vyake vilikuwa mlangoni pamoja na vya wenziwe. Vilikuwa vyekundu, na katika mlango ule hapakuwa na vingine virefu. Darsa ilipokwisha watu hawakuondoka upesi; walitaka kuona ni vya nani. Alivichukua mkononi, akaenda nyumbani miguu mitupu, saa nane za mchana, wakati wa Kaskazi, lami inawaka.

Jioni ile alitupakulia chakula kama kawaida. Hakutaja neno, nasi hatukutaja. Haukupita muda akapelekwa kusomesha Nangina. Walimu wengi wa pwani wapelekwapo bara huomba uhamisho, yeye hakuomba. Alipiga simu kila Ijumaa, akauliza hali, akaaga kwa adabu. Mzazi hujua tofauti ya adabu na ukunjufu.

Basi Jumamosi asubuhi, tukinywa chai barazani kwake, wakaja wanawake wanne: muuguzi, walimu wawili, na mshonaji wa nguo. “Mulembe, Baba,” wakatuamkia, wakaketi. Wote wamevaa kandambili, na kila mmoja ana mfuko. Tukauliza mna nini mifukoni. Wakatazamana, wakamtazama binti yetu, kisha mshonaji akafungua wake. Vilikuwa viatu, vya kisigino cha shibiri nzima, vimefungwa kwa kanga kuukuu kama mayai.

Tukaelezwa kuwa wana chama. Kila mwezi hutoa kiasi kidogo, na mwenye zamu hununua jozi moja. Jumamosi moja katika mwezi huenda Busia pamoja: kuchagua viatu, kuvitengeneza vilivyochoka, kupiga picha, kula, na kurudi kabla ya Magharibi. Wakati wa likizo hufika hata Kisumu. Kandambili ni za njiani, kwa kuwa vumbi na tope la Nangina havimwachi mchuchumio salama; viatu vyenyewe huvaliwa mjini. Tulitaka kusema neno juu ya israfu. Muuguzi akatutangulia, akasema siku sita yeye husimama wodini kwa viatu vya bapa, na wagonjwa humjua kwa mlio wa raba zake sakafuni. Hakuongeza kitu. Binti yetu akasema, “Baba atachoka, abaki apumzike.” Mshonaji akajibu, “Mzee wetu atatubebea mifuko.” Ndivyo tulivyokwenda.

Soko la mitumba la Busia ni elimu. Marobota hufunguliwa asubuhi, na vile vizuri vya mwanzo, waviitavyo “kamera”, hunyakuliwa kabla jua halijapanda. Vinavyobaki humwagwa chini, na hapo ndipo hawa wanawake walipotuonyesha ujuzi wao. Kiatu kimoja hupatikana upesi. Kumpata mwenziwe ndiyo kazi. Waligawana rundo kama wavuvi wanavyozunguka wavu. Binti yetu akipata cha kushoto hukinyanyua juu, na aliye upande wa pili huanza kutafuta cha kulia. Walibonyeza soli, wakatikisa kisigino kuona kama kimelegea, wakanusa ngozi kujua kama ni ngozi kweli. Bei ilitajwa kwa shilingi ya Kenya na ya Uganda kwa pumzi moja, nasi tuliokulia kwenye hesabu za mirathi tulipotea. Binti yetu aliwachagulia wenziwe, akawashindania bei, akacheka sana. Kicheko kile hatukukisikia kwa miaka saba. Yeye mwenyewe miguuni alikuwa bado na kandambili, na mfuko wake, tuliokuwa tumeubeba, ulikuwa mzito.

Adhuhuri tulisali, kisha tukaketi kwa fundi viatu, chini ya mwavuli, tukingoja. Mtu mzima akiketi na mifuko mitano ya viatu vya kike huwa na wasaa wa kufikiri.

Tulimkumbuka mama yetu, Mungu amrehemu, na mitawanda yake. Wasomaji wa makamo wanaijua: kiatu cha mti kilichoinuliwa juu ya vigogo viwili, chenye msuruaki wa kubanwa na kidole gumba. Kilimwinua mvaaji juu ya maji ya chooni na ya uani. Nasi watoto tulijua kwa mlio wake kama mama anakuja jikoni au anakwenda kisimani. Hatukumsikia sheikh yeyote akimcheka mama yetu. Tena wajuzi wa historia wanatwambia kuwa kisigino kilikuwa kwanza cha wanaume: wapanda farasi wa Uajemi walikivaa ili mguu ushike kikuku, kikafika Ulaya katika karne ya 17, na Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa akakivaa chekundu. Kile chembamba kama kalamu hakikuwezekana mpaka miaka ya 1950, mafundi walipotia kipande cha chuma ndani yake. Fundi wetu wa Busia alituonyesha chuma hicho katika kiatu kilichovunjika, akakikata kipande cha mpira wa gari, akakigongomea chini ya kisigino cha muuguzi.

Na dini je? Imo katika Sahihi ya Imamu Muslim habari, iliyopokewa na Abu Said al-Khudri, ya mwanamke mfupi wa Bani Israili aliyekuwa akitembea na wanawake wawili warefu. Alijitengenezea miguu ya mti, akapita asitambuliwe. Imamu Nawawi alipoisherehesha aliangalia makusudio: akitaka kujisitiri asidhuriwe, hapana ubaya; akitaka kujikuza na kuwahadaa wanaume, ni haramu. Katika Suratun Nur, aya ya 31, wanawake wanakatazwa kupiga miguu yao ili mapambo yaliyofichwa yajulikane. Hayo tuliyajua siku ya darsa, na mpaka leo twayasema vile vile: kisigino cha kuita macho ya watu njiani hatukihalalishi, na kinachomuumiza mvaaji nyayo na mgongo si wema kwake. Lakini siku ile hatukusomesha hayo. Tulichekesha watu. Na Suratul Hujurat, aya ya 11, inawakataza wanaume wasiwafanyie wenzao dhihaka, kisha ikawataja wanawake peke yao, wasiwafanyie dhihaka wanawake wenzao. Tulijifanya kuilinda aya moja, tukaivunja nyingine mbele ya akina mama arubaini, na aliyelipa alikuwa mtoto wetu.

Wenzake walikuwa wamevuka mpaka mara moja kwenda kununua chapati zilizoviringwa na mayai, ambazo Waganda huziita rolex. Husemwa kuwa hata neno bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huu, kwa baiskeli zilizovusha watu toka boda mpaka boda, na abiria wa mwanzo wa kukaa ubavu bila shaka walikuwa wanawake wenye viatu vizuri. Binti yetu alibaki nasi kwa fundi.

Tukamwambia, “Mwanangu, siku ile ya darsa nilikukosea. Nilikukosea mbele ya watu, na nikanyamaza miaka yote hii.”

Alimuuliza fundi bei ya kugongomea. Fundi akamjibu. Akahesabu pesa, akampa, akapokea chenji. Kisha akasema, “Baba, ile lami ilikuwa moto.”

Tukasema, “Najua.”

“Hukujua. Ulikuwa ndani.”

Hatukuwa na la kujibu. Tulimpa mfuko wake. Akautazama, akatoa viatu vyeusi, si vile vyekundu, akavifuta kwa upindo wa buibui, akavivaa. Wenzake wakarudi na rolex zao kwenye karatasi, wakaona, wakanyamaza kidogo, kisha muuguzi akasema njaa inauma twende tukale. Tulitambua njiani kuwa hoteli waliyoizoea ni ya Waislamu, karibu na msikiti. Hao wanne wote ni Wakristo. Tulipouliza, mshonaji alishangaa: “Sasa Mwalimu angekula wapi?”

Njia ya kwenda huko imechimbika, na malori yaliyoegeshwa yameacha kichochoro tu. Binti yetu alituwekea mkono begani ili asianguke, nasi tukapunguza mwendo. Wenzake walitangulia, wakigeuka kila mara kutuharakisha. Mfuko wa kandambili tulikuwa nao mkono wa pili.