Kisiwa Chetu Kinasemewa

Unguja ina jina ambalo wengi wetu tuliozaliwa hapa hatulijui: AF-032. Ndivyo kisiwa chetu kinavyoandikwa katika orodha ya visiwa inayofuatwa na watu wa redio ya ridhaa, yaani wale wenye mitambo yao wenyewe ya kupokea na kurusha sauti, wanaozungumza kwa mapenzi tu, bila kulipwa senti. Anayerusha kutoka hapa jina lake la hewani huanza na 5H1. 5H ni Tanzania, na hiyo 1 ni Zanzibar.

Nilipoanza kuyasikiliza mawimbi hayo, jambo moja lilinikaa moyoni. Kila nilipompata mtu anayesema yuko Zanzibar, alikuwa mgeni wa likizo, kafunga antena yake hotelini pwani. Simlaumu. Kaja na mtambo wake, anakitaja kisiwa chetu kwa heshima, na dunia inamjibu. Lakini sisi wenyewe tuko wapi? Kisiwa kinasemewa, wenyewe tumenyamaza.

Ndiyo nikawaendea skauti wa Uroa. Skauti na redio ni jamaa wa zamani: tangu mwaka 1958 kuna Jamborii ya Hewani, JOTA, inayofanyika kila Oktoba. Skauti wa nchi mbalimbali hukutana kwa sauti, bila nauli wala pasi ya kusafiria.

Tulianza na kusikiliza. Waya wa mita 10, tano kila upande, tukautandaza baina ya minazi miwili. Chini yake redio ndogo ya betri, ya aina inayoweza kupokea SSB, tukaiweka kwenye 14.290, mahali skauti wanapotafutana. Mwanzo ilikuwa mvumo mtupu. Kisha ikaja sauti.

"Mwalimu, huyu si mtu. Huyu bata!"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Nikamwambia aliyesema azungushe kitufe polepole, kidogo kidogo, na bata akageuka mtu mzima anayetaja jina lake herufi kwa herufi. Kicheko kikakatika. Hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Kueleza kwa nini sauti ya mbali inafika saa hii na saa nyengine haifiki, nilidhani itakuwa kazi. Juu kabisa angani kuna tabaka linalopata nguvu kutokana na jua, nalo huyarudisha mawimbi ardhini. Jua likizama, tabaka linabadilika. Msichana mmoja akanikatiza: "Kumbe nayo inajaa na kupwa." Ndiyo hasa. Mtoto ambaye mama yake haendi kwenye mwani mpaka maji yatoke hahitaji kufundishwa kwamba kila kitu kina saa yake.

Bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili kando yetu hakuridhika. "Mwanangu, watoto wana simu hawa. Redio ya nini tena?"

"Bibi, simu inataka mnara, na mnara unataka umeme. Unakumbuka waya wa baharini ulipoharibika?"

Alikumbuka. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila umeme wa gridi. "Giza lile! Na maji tukiyafuata visimani," akasema. Redio hii ingeendelea kuzungumza kwa betri ya gari, nikamwambia. Akautazama ule waya juu ya minazi kwa muda, asiseme kitu, akarudi kwenye ukili wake.

Lakini kusikiliza ni nusu ya safari. Kurusha kunataka leseni, na kwa Tanzania nzima anayetoa ni TCRA. Mtoto hawezi kushika kipaza sauti akajisemea tu. Inabidi awepo mtu mzima aliyesoma, akajua sheria na mitambo, akapewa jina lake la hewani. Kwa skauti wetu hajapatikana bado. Nimeanza kusoma, na namtafuta mwalimu mwengine wa skuli tusome pamoja, maana mmoja akihamishwa kazi isife.

Yule msichana wa kujaa na kupwa kila tukikutana ananiuliza: "Lini tutajibu?" Hataki habari za tabaka wala antena. Kuna mtu huko ametaja jina lake, na kwao mtu akikuamkia, unaitikia.